Mdogo wangu amepata 24, jeshi linataka 31: hesabu zitamruhusu?

SWALI

Mwalimu, salamu nyingi kutoka Katuba.

Mdogo wangu wa tumbo moja aliondoka hapa Lubumbashi miaka miwili iliyopita, baada ya kushinda ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, na sasa anaishi Des Moines, jimbo la Iowa, ambako anafanya kazi ya usiku katika ghala. Ana miaka 22 na ameamua kuingia jeshi la nchi kavu la huko. Mwezi uliopita alifanya mtihani wao wa kuingilia akapata 24, na mwandikishaji akamwambia kwamba wao wanaanzia 31. Kiingereza chake si kibaya. Hesabu ndizo zilizomwangusha. Alisoma seksio ya pedagojia, na tangu darasa la sita hesabu zimekuwa mzigo kwake. Kila Jumapili ananipigia simu, mimi yaya wake, yaani dada yake mkubwa, na kuniambia: «Yaya, mimi sina kichwa cha hesabu.»

Mimi ninauza unga katika soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Sikufika chuo kikuu, lakini hesabu za meza yangu hazinisumbui. Nimemwomba apige picha ya karatasi aliyofanyia mazoezi, nami ninakutumia. Ni alama 7 tu zinazomkosesha: akikazana mwezi mmoja, atazipata? Na mimi niliye mbali naye hivi, ninaweza kumsaidia nini?

Yaya wa Katuba

JIBU

Dada yangu wa Katuba, nimeikuza ile picha kwenye simu hadi nikaona hata mahali mdogo wako alipofuta akaandika tena, na nikuambie mapema kwamba karatasi hiyo imenipa moyo kuliko barua yako. Nitaipitia hesabu moja moja. Lakini kwanza tuelewane kuhusu hizo namba mbili, 24 na 31, kwa sababu sisi tuliosomea Kongo huzisoma vibaya.

Tumezoea asilimia. Katika Exetat, mtihani wetu wa taifa wa kumaliza sekondari, asilimia 50 ndiyo inayompitisha mtu, kwa hiyo tukisikia 24 tunamwona mtoto aliyekosa maswali matatu katika kila manne. Namba ya Wamarekani ni ya aina nyingine: ni nafasi ya mtu katika foleni. Foleni yenyewe ni ya vijana wa miaka 18 hadi 23 waliopimwa mwaka 1997, na kila anayefanya mtihani leo hupangwa kwa kulinganishwa nao. Aliyepata 24 amewafikia au kuwapita 24 katika kila 100 wa foleni ile, na namba ya juu kabisa ni 99. Ndiyo maana alama 7 zinazomkosesha hazilingani na maswali 7. Maswali machache yakigeuka kutoka kosa kuwa sahihi yanaweza kumsogeza hatua kadhaa mbele, na vilevile uzembe kidogo unaweza kumrudisha nyuma.

Mtihani huo unaitwa ASVAB. Una sehemu nyingi, zikiwemo za umeme, mitambo na magari, lakini namba ya kuingilia, wanayoiita AFQT, hutokana na sehemu nne tu: maana za maneno, ufahamu wa aya, hesabu za maelezo, na hisabati yenyewe, yaani aljebra na jiometri. Sehemu mbili za lugha huunganishwa kuwa alama moja, alama hiyo huzidishwa kwa mbili, kisha huongezewa alama za sehemu mbili za hesabu. Hivyo hesabu hubeba nusu ya namba nzima na lugha hubeba nusu nyingine. Unaposema kwamba Kiingereza chake si kibaya, ninakuamini, ila «si kibaya» cha kuongea na wenzake kazini na kile cha kusoma swali la hesabu lenye mistari minne huku saa inakimbia ni vitu viwili tofauti, na baadhi ya makosa niliyoyaona kwenye karatasi ni ya kusoma.

Sasa karatasi. Ina hesabu sita, na ninaanza na ya mwisho kwa sababu ndiyo pekee aliyoipata: 2x + 5 = 17. Ametoa 5 pande zote mbili, amegawanya kwa 2, ameandika x = 6, tena ameweka 6 mahali pa x ili kuhakikisha. Mtu anayefanya hivyo bila kusukumwa hawezi kuniambia kwamba hana kichwa cha hesabu. Aljebra anayo, kamba yake imekatika chini zaidi, mahali ambapo yeye mwenyewe hatazami kwa sababu anaona aibu kurudi kwenye mambo ya shule ya msingi.

Tazama hesabu ya kwanza. Ameulizwa 3/4 + 2/3, akajumlisha namba za juu, akajumlisha na za chini, akapata 5/7. Wewe, dada, usiyekuwa na digrii, ungekataa jibu hilo hapo hapo mezani. Robo tatu ya meka, kile kipimo chako cha unga, imepita nusu. Theluthi mbili za meka nazo zimepita nusu. Ukizimimina pamoja lazima meka moja ijae na unga ubaki. Tano ya saba haijai hata meka moja. Njia sahihi ni kutafuta namba ambayo 4 na 3 zote zinaigawanya, nayo ni 12, kisha robo tatu zigeuke 9/12 na theluthi mbili zigeuke 8/12, jumla 17/12, yaani meka moja na 5/12. Kinachonisikitisha hapa si kwamba alisahau kanuni, maana kanuni husahaulika. Ni kwamba aliandika 5/7 bila kujiuliza kama jibu lina akili. Hilo ndilo la kwanza la kumfundisha: kabla ya kukokotoa, akadirie. Jibu litakuwa zaidi ya moja au chini ya moja? Litakuwa makumi au mamia?

Hesabu ya pili: viatu vya dola 40 vinapunguzwa bei kwa asilimia 15, vitauzwa kwa ngapi? Ameandika 40 − 15 = 25. Ametoa dola 15 mahali pa asilimia 15. Njia ninayowapa vijana wangu ni kuanza daima na asilimia 10, kwa sababu hiyo huonekana kwa macho: asilimia 10 ya 40 ni 4. Asilimia 5 ni nusu ya hiyo, 2. Jumla 6, viatu vitauzwa kwa dola 34. Kwa asilimia 10, nusu yake na sehemu yake ya kumi, mtu anaweza kujenga karibu kila asilimia ya mtihani bila karatasi. Akishazoea, mpe mtego huu ambao watunga mitihani wanaupenda: bei ya 100 imepandishwa asilimia 20, kisha imeshushwa asilimia 20, imerudi palepale? Wengi hujibu ndiyo. Imepanda ikawa 120, na asilimia 20 ya 120 ni 24, kwa hiyo imeshuka hadi 96.

Hesabu ya tatu inahusu ubao wenye urefu wa futi 8 unaokatwa vipande vya inchi 16. Amegawanya 8 kwa 16 akapata nusu kipande. Hapa simlaumu sana. Amekua katika mji wa mita na kilo, na hakuna mwalimu wa Katuba aliyewahi kumwambia kwamba futi moja ina inchi 12. Futi 8 ni inchi 96, na 96 ukigawanya kwa 16 unapata vipande 6. Mtihani ule umejaa vipimo vya namna hiyo, nao haukuelezi vinageuzwaje. Aandike ukurasa mmoja aubandike juu ya kitanda chake: futi 3 ni yadi 1, futi 5280 ni maili 1, aunsi 16 ni ratili 1, painti 2 ni kwati 1, kwati 4 ni galoni 1. Asihangaike kugeuza maili kuwa kilomita. Mtihani hautamwomba hivyo. Azoee kufikiri ndani ya vipimo vyao, kama mtu anayejifunza kuhesabu kwa dola na kuiacha faranga kando.

Ya nne ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu kama kichaa. Mzigo wa ratili «1,250» ugawanywe sawasawa katika masanduku 25. Jibu lake ni 0,05. Nilikaa nayo dakika nzima kabla ya kugundua kwamba amegawanya vizuri kabisa! Kosa ni mkato. Sisi, tuliorithi uandishi wa Wabelgiji, tukiona mkato tunasoma desimali, kwa hiyo yeye ameona ratili moja na robo, akaigawanya kwa 25. Wamarekani hutumia mkato kutenga maelfu, na nukta kwa desimali. Ratili zile ni elfu moja mia mbili na hamsini, na kila sanduku litapata 50. Mtu aliyesoma miaka yote ya sekondari kwa mkato wetu atanaswa tena na tena akiwa na haraka, kwa hiyo kwa wiki mbili za kwanza achore mviringo kwa kalamu kwenye kila mkato na kila nukta anayokutana nayo katika mazoezi, kabla ya kufanya lolote. Akumbuke pia kwamba ile tunayoiita miliari, yaani milioni elfu moja, wao huiita bilioni.

Ya tano ni 12 − 5 + 3, ambayo ameandika 4. Nadhani amejifunza kwenye simu ile kanuni ya majirani zetu wa Tanzania, MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kanuni nzuri ya kukumbukia, lakini ina shimo. Kugawanya na kuzidisha zina cheo kimoja. Kujumlisha na kutoa zina cheo kimoja. Na zenye cheo kimoja hufanywa kwa mpangilio zilivyoandikwa, kutoka kushoto kwenda kulia. Yeye ameitii kanuni neno kwa neno, akajumlisha 5 na 3 kwanza. Jibu ni 10.

Umeona basi. Makosa matano, na hakuna hata moja la aljebra. Sehemu, asilimia, vipimo, uandishi wa namba na mpangilio wa kazi: vyote ni vya darasa la nne hadi la sita. Huko ndiko arudi, arudi kweli, bila kuona haya. Nimefundisha vijana wengi waliokuwa wanajiandaa kwa mitihani ya kuajiriwa, na anayenitia hofu kuliko wote ni yule anayefika na kitabu kinene cha trigonometria kwapani huku 7 mara 8 inamfanya atazame dari. (Ni 56, ukisahau, hesabu 5, 6, 7, 8.)

Jedwali la kuzidisha hadi 12 ni lazima liwe mdomoni. Kwa miaka mingi mtihani huo umefanywa kwa penseli na karatasi ya kuchorea bila kikokotoo, na hata kama si hivyo, mtu anayetafuta 6 mara 9 hana nafasi akilini ya kufikiria swali linataka nini. Pima mwenyewe: katika toleo la karatasi, sehemu ya hesabu za maelezo ina maswali 30 kwa dakika 36, yaani sekunde 72 kwa kila swali pamoja na kulisoma, ile ya hisabati ina maswali 25 kwa dakika 24, haifiki hata dakika moja kwa swali. Toleo la kompyuta lina maswali machache zaidi, lakini lina tabia yake: ukijibu sahihi linakuletea gumu zaidi, ukikosa linakuletea jepesi, na ukishathibitisha jibu huwezi kulirudia. Kwa hiyo kuhakikisha kule alikofanya kwenye 2x + 5 = 17 akufanye kabla ya kubonyeza. Tena asitishike maswali yakizidi ugumu. Hiyo ni dalili kwamba anakwenda vizuri.

Hesabu za maelezo zinahitaji kazi ya pekee, na hapa lugha na namba hukutana. Asianze kukokotoa baada ya mstari wa kwanza. Asome hadi mwisho, kisha aandike kwa maneno machache, hata kwa Kiswahili, kitu gani kinatafutwa na kwa kipimo gani. Kuna maneno madogo ambayo huamua kila kitu: robo ya 60 maana yake ni kuzidisha, namba iliyo pungufu kwa 5 kuliko x huandikwa x − 5, na mtu anayefuata mpangilio wa maneno ya Kiingereza huandika kinyume chake, «kwa kila» huashiria kugawanya au kiwango. Awe na daftari dogo la maneno hayo, upande mmoja Kiingereza, upande mwingine Kiswahili au Kifaransa, popote maana inapomwingia haraka.

Mfano mmoja wa nyumbani utamfaa. Lori linatoka Lubumbashi kwenda Likasi, tuseme kilomita 120, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kisha linarudi kwa njia ileile limejaa mzigo, kwa kilomita 40 kwa saa. Mwendo wake wa wastani ni upi? Mkono unataka kuandika 50, na 50 bila shaka itakuwamo miongoni mwa majibu manne ya kuchagua, kwa kuwa mtunga swali anaujua mkono huo. Lakini kwenda kumechukua saa 2, kurudi kumechukua saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Lori limekaa muda mrefu zaidi katika mwendo wa pole. Kijana aliyewahi kupanda lori la namna hiyo akiwa amekaa juu ya magunia hahitaji fomula ili kuamini jambo hilo.

Kwa kuwa majibu manne yamewekwa mbele yake, ayatumie. Swali la aljebra likimkwama, achukue jibu la katikati aliweke mahali pa x aone kama pande mbili zinalingana. Likiwa kubwa mno ajaribu dogo. Si wizi, ni akili. Katika toleo la karatasi jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo asiache swali tupu. Kwenye kompyuta, maswali yaliyoachwa muda ukiisha humpunguzia, na kubonyeza ovyo mfululizo mwishoni pia kunamshusha, kwa hiyo dawa ni kufanya mazoezi huku akijipimia muda tangu mwanzo.

Upande wa hisabati nitapita haraka, kwa kuwa msingi anao. Milinganyo yenye mabano kama 3(x − 4) = 2x + 5, ambayo jibu lake ni 17; vipeo na vipeuo vya pili; namba tasa; pembe za pembetatu ambazo jumla yake ni digrii 180; eneo na mzingo wa mstatili na wa duara; na kanuni ya Pythagoras, hasa pembetatu ya 3, 4 na 5 pamoja na ndugu zake 6, 8 na 10. Wiki tatu zinatosha kwa hayo, mradi sehemu na asilimia ziwe zimesimama kwanza.

Sasa umeniuliza kuhusu mwezi mmoja. Kanuni yao ni kwamba baada ya mtihani wa kwanza mtu husubiri mwezi mmoja ndipo aurudie. Baada ya wa pili husubiri tena mwezi mmoja. Lakini baada ya wa tatu kila marudio yanahitaji kusubiri miezi sita. Kwa hiyo nafasi mbili za karibu ni mali, na mwandikishaji anaweza kumharakisha kwa sababu zake za kazi. Mimi ningemshauri asirudi hata siku moja kabla ya wiki kumi. Mtu anayefanya kazi ya usiku hana zaidi ya dakika 50 zenye akili timamu kwa siku. Wiki kumi za siku sita zinampa saa 50, na kwa makosa ya aina niliyoiona saa 50 zinafanya kazi kubwa. Tena asilenge 31. Anayelenga kizingiti hujikwaa juu yake siku akiwa na mafua. Alenge 45, kwa sababu nyingine pia: alama za hesabu hutumika tena katika kuamua ni kazi gani za jeshini atakazoruhusiwa kuchagua.

Kuna jambo lingine la kumuuliza mwandikishaji wake waziwazi. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilianzisha kozi ya matayarisho katika kambi ya Fort Jackson, jimbo la South Carolina, kwa waliopata kati ya 21 na 30, ambako walisomeshwa hesabu na lugha kwa muda usiozidi siku 90 kabla ya kuanza mafunzo ya kijeshi. Mwenye 24 yumo katika kipimo hicho. Aulize masharti ya sasa ni yapi, asisubiri kuambiwa.

Na wewe sasa. Unasema uko mbali. Mimi ninaona uko mahali pazuri kabisa. Usimfundishe. Mwache yeye akufundishe wewe. Kila siku akutumie kwa sauti maelezo ya hesabu moja aliyoikosa jana: swali lilisema nini, alifanya nini, kosa lilikuwa wapi, njia sahihi ni ipi. Wewe msikilize unapofunga meza, na usipoelewa mwambie hujaelewa, arudie. Anayeweza kumweleza muuza unga wa soko la Kenya kwa nini 3/4 na 2/3 zinapita moja, ameelewa. Yeye awe na daftari la makosa, kila kosa na tarehe yake. Kosa la leo alifanye upya kesho bila kutazama jibu, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Akilipata mara tatu mfululizo alipige mstari. Kusoma tena suluhisho lililoandikwa humpa mtu raha ya kudhani anajua, na raha hiyo huisha mlangoni pa chumba cha mtihani.

Kila Jumapili, badala ya maombolezo ya kichwa, mpe maswali kumi ya mdomo. Tunga kutoka mezani kwako: gunia la kilo 25 lililonunuliwa kwa bei fulani, meka zinazotoka humo, faida kwa asilimia, mteja aliyelipa nusu kwa dola na nusu kwa faranga. Akusikie ukipata jibu kabla yake mara mbili tatu; mdogo wa kiume hakubali kushindwa na yaya wake kwa muda mrefu. Kumbuka tu tofauti ya saa: Iowa iko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na saa 8 wakati wa baridi yao, na anayefanya kazi usiku usimwamshe.

SWALI

Mwalimu, nina miaka 25, ninaishi Kampemba. Ninajitayarisha kwa mtihani wa kuingia shule ya kijeshi hapahapa nchini, nikitamani kufika Kananga kwenye chuo cha maafisa. Wenzangu wananiambia nianze na logariti na trigonometria kwa sababu «jeshi ni la watu wa hesabu kubwa». Nilimaliza seksio ya biashara miaka sita iliyopita. Nianzie wapi?

JIBU

Mdogo wangu, wewe una bahati ambayo yule wa Iowa hana: mkato wako ni mkato, kilo yako ni kilo, na swali litakuja kwa Kifaransa ulichosomea. Chukua saa moja Jumamosi, zima simu, fanya hesabu kumi za sehemu, kumi za asilimia na kumi za kanuni ya tatu, ile règle de trois. Ukikosa zaidi ya sita kati ya thelathini, logariti zisubiri. Ukikosa chini ya hapo, fungua vitabu vya mwaka wa tatu na wa nne wa sekondari, siyo vya sita, uanze na milinganyo. Miaka sita ni mingi. Aljebra hupata kutu kama jembe lililoachwa nje, lakini kutu hutoka kwa kulima. Wenzako wanaokushauri, waombe wakufanyie 5/6 kutoa 3/8 papo hapo. Jibu ni 11/24.

SWALI

Mwanangu wa kiume ana miaka 15, anasema akimaliza shule atakuwa askari. Katika duka langu huko Ruashi anapiga kila hesabu kwa simu, hata 20 kujumlisha 30. Je, inamharibu?

Mama wa Ruashi

JIBU

Mama, simu haimharibu kwa hesabu ngumu. Inamharibu kwa zile nyepesi, kwa maana hizo ndizo zinazojenga hisia ya namba, ile inayomwambia mtu kwamba jibu limekaa vibaya hata kabla hajajua kosa liko wapi. Mwekee sharti moja dukani: atamke jibu kwanza, ndipo simu ithibitishe. Akikosea mbele ya mteja, usimkemee, mwache ajirekebishe. Anza leo jioni na hii: tuseme meka moja ni faranga 3500, mteja anataka tatu na nusu na ametoa noti mbili za 10000. Anarudishiwa ngapi? Simu yake ikae kwenye droo mpaka aseme 7750.